Safari ndefu daraja la kawaida ndani ya A380, ndege ya ghorofa mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msafiri wa daraja la kawaida, wengine huliita ikonomi, anayekaa ndani ya Airbus A380 kwa saa saba na kuendelea. Wasafiri wengi wa kwetu huanzia Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Entebbe, hubadilisha ndege Dubai, Doha au Abu Dhabi, kisha huendelea Ulaya, Amerika Kaskazini au Australia. Ndani ya ndege hii watu wawili waliolipa nauli ileile wanaweza kushuka mmoja kapumzika na mwingine mgongo unamuuma. Mara nyingi chanzo ni siti, ndiyo maana tumelipa suala la siti nafasi kubwa kuliko mengine.

A380 ni ndege gani hasa?

Ndiyo ndege kubwa kuliko zote za abiria zinazofanya kazi. Ina urefu wa mita 72.7, kutoka ncha ya bawa moja hadi jingine ni mita 79.8, na mkia wake uko mita 24 juu ya ardhi. Ina injini nne. Ghorofa zake zote mbili zinakwenda urefu mzima wa ndege, tofauti na Boeing 747 ambayo ghorofa yake ya juu iko sehemu ya mbele tu.

Iliruka mara ya kwanza mjini Toulouse, Ufaransa, tarehe 27 Aprili 2005. Singapore Airlines ndiyo iliyoanza kubebea abiria, Oktoba 2007, kati ya Singapore na Sydney. Ya mwisho ilikabidhiwa Emirates Desemba 2021, na kampuni hiyo peke yake ilichukua 123 kati ya 251 zilizouzwa. Hazitengenezwi tena, kwa sababu injini nne hunywa mafuta mengi kuliko mbili za ndege mpya, na kujaza siti 500 kila siku si kazi rahisi.

Imeidhinishwa kubeba hadi abiria 853. Hakuna kampuni inayoweka wengi hivyo. Wengi huweka kati ya 460 na 520. Emirates waliwahi kuwa na mpangilio wa siti 615 bila daraja la kwanza.

Nitaipanda nikitokea Dar es Salaam au Nairobi moja kwa moja?

Hapana. Kwa ratiba za kawaida A380 haiji kwenye viwanja hivyo. Ndege yenye mabawa ya karibu mita 80 inahitaji njia pana za kutembelea ardhini, maegesho makubwa, kikosi cha zimamoto cha kiwango cha juu kabisa, na geti lenye daraja la kufika ghorofa ya juu. Zaidi ya hayo inahitaji abiria wa kuijaza. Kwa hiyo kipande cha kwanza, saa tano hadi sita kufika Ghuba, utakifanya kwa ndege ya ghorofa moja kama Boeing 777 au 787, na A380 utaikuta mbele ya safari: Dubai kwenda London, New York, Toronto, Los Angeles au Sydney, Doha kwenda London, Abu Dhabi kwenda London au New York. Anayepitia Johannesburg anaweza kuikuta ya British Airways kwenda London. Njia hizi hubadilika kwa msimu, basi angalia tiketi yako na usitegemee aliyosafiri jirani mwaka jana.

Nitajuaje kama safari yangu ni ya A380?

Kwenye maelezo ya safari tafuta "A380" au alama 388. Ukiona 77W, hiyo ni Boeing 777-300ER, na ukiona 359 au 351 ni Airbus A350.

Tofauti hii ina maana kwa makalio yako. Kwenye A380 siti ya daraja la kawaida kwa kawaida ina upana wa inchi 18, kama sentimita 46. Kwenye Boeing 777 yenye siti kumi kwa safu ni inchi 17 hivi. Inchi moja inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa saa 14 bega lako na la jirani zitaitambua. Kama safari mbili za siku moja zina nauli sawa na moja ni ya A380, chukua hiyo.

Tiketi imeandikwa 02:30 tarehe 15. Niende uwanjani lini?

Usiku wa tarehe 14. Saa 02:30 ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Safari nyingi za Ghuba huondoka usiku wa manane, na kila msimu kuna watu wanaofika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka kwa sababu hii tu. Kumbuka pia kwamba saa zilizoandikwa ni za mji husika: Dubai iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, Doha iko sawa nasi.

Ghorofa ya juu ni bora kuliko ya chini?

Kama kampuni yako inaweka daraja la kawaida juu, ndiyo, jaribu kupata juu. Kule siti zimepangwa 2-4-2, yaani mbili kila upande wa dirisha na nne katikati, chini ni 3-4-3. Chumba ni kidogo, watu ni wachache, na kelele hupungua. Faida kubwa zaidi ni kabati lenye kifuniko kati ya siti ya dirishani na ukuta, kwa sababu mwili wa ndege huinama kuelekea ndani. Hapo utaweka begi dogo, viatu, chupa ya maji na sweta bila kumwamsha mtu. Hasara yake ni kwamba ukuta ule uko mbali kidogo na bega, kwa hiyo huwezi kuegemea kichwa vizuri, na makabati ya juu ya kichwa upande wa dirisha ni madogo. Begi la magurudumu huenda lisiingie.

Lakini si kila kampuni inayotoa nafasi hiyo. British Airways na Qatar Airways wana chumba cha daraja la kawaida nyuma ya ghorofa ya juu. Kwenye ndege nyingi za Emirates, na zote za Singapore Airlines, Etihad na Korean Air, daraja la kawaida liko chini tupu. Ngazi zipo, pana mbele na nyembamba nyuma, ila zimefungwa kwa kamba au pazia. Wahudumu watakurudisha kwa heshima ukijaribu kupanda kutembea.

Siti gani nichague ghorofa ya chini?

Anza na swali la nani utasafiri naye.

Ukiwa peke yako na unajua utaamka mara kwa mara, chukua siti ya koridoni kwenye kundi la katikati la watu wanne, yaani D au G kwa kampuni nyingi. Sababu ni hesabu rahisi. Kwenye kundi la pembeni la watatu, aliye koridoni huwapisha wawili. Kwenye kundi la katikati, wanne wanagawana korido mbili, hivyo utampisha mmoja tu, na kama ndege haijajaa, siti za ndani za katikati ndizo za kwanza kubaki tupu.

Ukitaka kulala mfululizo, chukua dirisha. Ghorofa ya chini ukuta uko karibu wima na una mwanya kidogo upande wa bega, kwa hiyo mto ukiuweka pale unakaa. Dirisha pia linakupa mamlaka ya kufunga pazia.

Wawili wanaosafiri pamoja watazame safu za mwisho kabisa nyuma. Mwili wa ndege hupungua kuelekea mkiani, na kwenye mipangilio kadhaa siti za pembeni hushuka kutoka tatu hadi mbili. Mnapata dirisha na korido bila mtu wa tatu. Mtalipa kwa namna mbili: nyuma hutikisika zaidi hewa ikichafuka, na mtakuwa wa mwisho kushuka.

Familia ya wanne ikae kundi la katikati, safu moja. Familia ya watano au sita ichukue safu mbili zinazofuatana badala ya kujipanga mstari mmoja kuvuka korido, kwa sababu mzazi akiwa mbele au nyuma ya mtoto humfikia kwa mkono hata mkanda ukiwa umefungwa.

Kama unaogopa mtikisiko, kaa usawa wa mabawa. Hapo ndege huyumba kidogo kuliko nyuma. Usitegemee kuona ardhi, kwani bawa la A380 ni pana mno na safu nyingi za katikati huliona hilo tu.

Na kama unaunganisha ndege nyingine kwa muda mfupi, kaa mbele uwezavyo, upande wa kushoto. Milango ya kushukia ya chini kwa kawaida ni miwili ya mbele kushoto.

Siti zipi nizikwepe?

Zile zinazogusa vyoo na jiko. Mlango wa choo hufunguliwa mamia ya mara kwenye safari ya usiku, taa yake hukupiga usoni, na watu wanaosubiri huegemea mgongo wa siti yako. Safu ya mwisho kabla ya ukuta nayo huenda isilale nyuma kikamilifu.

Siti za safu ya kwanza, zinazotazamana na ukuta, zina nafasi ya magoti, lakini meza na skrini hutoka ndani ya mkono wa siti, hivyo mikono haiinuki na siti huwa nyembamba kidogo. Huna kiti mbele yako cha kuweka begi chini yake. Kila kitu kitapanda juu wakati wa kuruka na kutua. Na hapo ndipo vitanda vya watoto wachanga hufungwa, basi jiandae kwa kilio.

Siti za mlango wa dharura zina nafasi kubwa zaidi ya miguu, ila ile ya dirishani huenda ikawa na sanduku la mtelezo wa dharura limejitokeza mbele ya goti, na baridi ya mlangoni hupita. Bora ya koridoni au katikati. Lazima uwe mtu mzima mwenye uwezo wa kusaidia kufungua mlango. Mjamzito, mwenye mtoto na anayehitaji mkanda wa nyongeza hawaruhusiwi hapo.

Jambo moja ambalo ramani ya siti haionyeshi: baadhi ya siti zina kisanduku cha umeme cha skrini chini ya siti ya mbele, kinakula nusu ya nafasi ya mguu mmoja. Ukikikuta, muulize mhudumu kabla ndege haijaanza kutembea kama kuna siti tupu.

Siti huchaguliwa lini bila kulipa?

Kwa nauli za chini, mara nyingi dirisha la kujisajili kwa mtandao hufunguka saa 48 au 24 kabla ya safari, kutegemea kampuni, na hapo unachagua bure zilizobaki. Weka kengele ya simu uingie dakika hiyohiyo. Rudi tena kutazama saa chache kabla ya safari, maana wanaopandishwa daraja huacha siti nzuri nyuma yao. Kama mmenunua tiketi pamoja na mna mtoto, pigieni ofisi ya kampuni mapema, msisubiri geti.

Mizigo inakuwaje?

Soma tiketi yako, si tangazo. Kwenye njia nyingi za Afrika hesabu ni ya vipande, kwa kawaida kilo 23 kila kimoja, na begi moja halizidi kilo 32 hata ukilipia, kwa sababu ya usalama wa wapakiaji. Ukigawa kilo 46 kuwa 28 na 18 utatozwa kwa lile la 28. Pima nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza.

Begi la mkononi lina kanuni zake: Emirates na Qatar Airways huruhusu kilo 7 kwa daraja la kawaida, British Airways hufika 23. Kama tiketi yako ina kampuni mbili, fuata iliyo kali zaidi. Dawa, hati, funguo na nguo za kubadilisha za siku moja viwe mkononi daima. Na mirungi isiguse begi lako: ni marufuku Falme za Kiarabu, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014.

Pawabenki na chaja je?

Pawabenki haiingii kwenye begi la chini kamwe, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka kule hakuna wa kuizima. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74, kwa hiyo inaruhusiwa, mradi maandishi yake yanasomeka. Yaliyofutika huchukuliwa na walinzi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates huruhusu moja tu kwa abiria, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Iweke mfuko wa siti au chini ya siti ya mbele, si kabati la juu.

Kwa hiyo utategemea umeme wa siti. Kwenye A380 nyingi kuna tundu la USB kwenye skrini, na soketi chini kati ya siti, wakati mwingine mbili kwa watu watatu. Soketi hupokea plagi zetu za miguu mitatu, lakini nyingi zimelegea. Plagi nzito ikining'inia huchomoka. Beba waya wa mita 2 na chaja ndogo nyepesi. Chaja kubwa ya kompyuta huvuta umeme mwingi na soketi hujizima yenyewe. Simu ikidondoka kati ya siti, usisogeze siti kuitafuta. Mwite mhudumu, kwa kuwa simu iliyopondwa na mitambo ya siti hushika moto.

Kupanda ndege yenye watu 500 kunachukua muda gani?

Panga kuwa getini saa nzima kabla ya kuondoka. Geti kwa kawaida hufungwa dakika 20 kabla. Dubai, kituo cha 3 kina majengo A, B na C, na kati ya A na B utapanda treni. Kutoka geti hadi geti nusu saa huisha kirahisi. Kwa safari za Marekani kuna ukaguzi wa ziada getini, ongeza dakika 30 hapo. Watu huitwa kwa makundi yaliyoandikwa kwenye pasi ya kupandia. Kupanga foleni kabla ya kundi lako hakukufikishi mapema, ila usiwe wa mwisho kabisa, maana makabati ya juu hujaa na begi lako litakwenda kukaa safu kumi nyuma yako.

Milio ile wakati wa kuruka ni ya kawaida?

Ndiyo. A380 ni tulivu kuliko ndege nyingi, na utulivu huo hufanya milio ya mitambo isikike: mngurumo wa pampu, kishindo magurudumu 22 yakikunjwa ndani, mvumo wa vibao vya mabawa vikirudi. Dakika chache baada ya kuruka nguvu ya injini hupunguzwa na utahisi kama ndege imezama kidogo, haishuki. Itaonekana pia kutembea polepole sana kwenye njia ya kurukia. Ni ukubwa wake unaolidanganya jicho.

Kampuni kadhaa zina kamera iliyofungwa juu ya mkia, unaiona kwenye skrini yako. Mwenye hofu hutulia akiitazama, na watoto huipenda kuliko katuni.

Ni salama?

Tangu 2007 hakuna abiria aliyepoteza maisha katika ajali ya A380. Matukio makubwa yapo. Tarehe 4 Novemba 2010 injini ya ndege ya Qantas ilipasuka baada ya kuondoka Singapore. Ikarudi ikatua, watu wote 469 wazima. Septemba 2017 ya Air France ilipoteza sehemu ya mbele ya injini juu ya Greenland, ikatua Goose Bay, Kanada. Katika jaribio la 2006 mjini Hamburg, watu 873 walitoka kwa sekunde 78, nusu ya milango 16 ikiwa imefungwa. Jaribio lile halikuwa na mtu aliyebeba begi. Ikitokea dharura, acha kila kitu.

Chakula, sala na saumu?

Kampuni za Ghuba hupika halali kwa abiria wote. Kwa nyingine, pamoja na mlo wa mboga, wa kisukari au wa mtoto, agiza angalau saa 24 kabla. Mlo maalumu huletwa kwanza, faida nzuri kwa anayetaka kula na kulala. Safari ya saa 14 huwa na milo miwili mikubwa na vitafunio katikati. Ukisikia njaa, nenda jikoni ukaombe, hakuna haja ya kuona haya.

Maji: usingoje gilasi ndogo ya mhudumu. Beba chupa tupu kupita ukaguzi, ijaze ndani ya uwanja. Hewa ya ndege ina unyevu chini ya asilimia 20, koo na macho hukauka. Wanaovaa lenzi wavae miwani.

Wanaosali wengi husali wameketi, au humwomba mhudumu nafasi ndogo karibu na mlango wakati huduma imetulia. Kwa waliofunga Ramadhani, magharibi huhesabiwa pale ndege ilipo na si mjini ilikotoka. Ukiruka kwenda magharibi jua hukufuata na saumu hurefuka sana. Rubani wa kampuni za Ghuba mara nyingi hutangaza muda wa kufuturu. Msafiri ana ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye.

Nifanyeje miguu isivimbe?

Kuvimba kidogo kwa kukaa ni kawaida. Kinachotisha ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 ulionyesha hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya hubaki ndogo, kama mmoja kati ya 6,000.

Kila saa ukiwa macho, inua visigino mara 20, kisha vidole mara 20. Tembea kila saa mbili hadi tatu. A380 ina nafasi za kusimama karibu na milango, zitumie taa ya mkanda ikiwa imezimwa. Vaa viatu vinavyofunguka. Waliowahi kuganda damu, wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni na wanaotibiwa saratani wamwone daktari kabla kuhusu soksi za kubana au dawa. Baada ya safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, au pumzi ikikubana, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nina selimundu. Naweza kusafiri?

Mwenye kubeba vinasaba tu kwa kawaida husafiri bila shida. Mwenye ugonjwa wenyewe azungumze na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu oksijeni ndani ya ndege ni pungufu kuliko ufukweni, baridi ipo na maji mwilini hupungua. Yote matatu huamsha maumivu. Huenda ukahitaji oksijeni, na hiyo huombwa kwa fomu ya afya ya kampuni, haipatikani kwa kuomba getini. Usisafiri ndani ya siku 10 baada ya shambulio. Beba blanketi lako, dawa za maumivu mkononi pamoja na cheti, na kunywa maji hata bila kiu.

Mjamzito, mtoto mchanga, na aliyetoka kupiga mbizi?

Mimba ya mtoto mmoja kwa kawaida huruhusiwa hadi wiki ya 36, mapacha hadi ya 32, na cheti cha daktari huhitajika kuanzia wiki ya 28 au 29. Kitanda cha mtoto huombwa wakati wa kununua tiketi, kikomo ni takriban kilo 11. Mnyonyeshe wakati ndege inashuka ili masikio yafunguke. Watu wazima wameze mate au watafune.

Aliyezamia Mafia, Pemba au Watamu asubiri saa 12 baada ya mzamio mmoja, saa 18 baada ya mizamio ya siku kadhaa, na zaidi ya hapo kama mzamio ulihitaji vituo vya kupunguza shinikizo.

Vyoo huwa na foleni wakati gani?

Dakika 20 baada ya kila mlo, na saa ya mwisho kabla ya kushuka. Nenda trei zinapoanza kugawiwa safu za mbali nawe, au amka dakika 90 kabla ya kutua. Pitia pia vyoo vya mlango mwingine wa daraja lako. Watu hung'ang'ania walichokiona kwanza. Vaa viatu. Maji yaliyoko sakafuni si maji.

Nimefika uwanjani, ndege imebadilishwa. Siti yangu je?

A380 ikipata hitilafu, mara nyingi huletwa ndege ndogo, na siti zote hupangwa upya na mashine. Fungua programu ya kampuni hapohapo uchague tena kabla wengine hawajajua. Ulilipia siti? Tunza risiti, dai kurudishiwa.

Watu 100 wakikosa nafasi, nguvu yako ni tiketi moja inayounganisha safari nzima. Waliokata tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa hubaki na hasara ya kipande cha pili. Ukiondokea Uingereza, kwa kampuni yoyote, ucheleweshaji wa saa 4 au zaidi kwenye safari inayozidi kilomita 3,500 una fidia ya pauni 520, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa kampuni, kama hali mbaya ya hewa.

Begi halijatokea kwenye mkanda. Nifanye nini?

Kwanza subiri. Mizigo ya watu 500 hutoka kwa makontena, na la kwanza na la mwisho hupishana kwa nusu saa au zaidi. Mkanda ukisimama, nenda kaunta ya mizigo kabla ya kutoka nje, toa kipande cha stika ya begi, ujaziwe ripoti na upewe namba. Piga picha ya begi kabla ya safari. Rangi na chapa ndivyo wanavyotafutia. Kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal, begi lililoharibika lidaiwe kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Tunza risiti za nguo na sabuni ulizolazimika kununua, kwa sababu hizo hulipwa pia.